Nta Nyeusi Kwenye Landrova ya Wagonjwa

"Ndiye huyu."

Maneno mawili tu. Bazilio aliyasema akiwa amesimama mlangoni kwangu, kidole kimeninyookea, na mgambo wakaingia ndani na kamba ya mkonge.

Sikupambana nao. Nilikuwa namtazama Bazilio.

Yeye alikuwa anatazama paji la uso wangu. Macho yangu hakuyataka.

"Bazilio," nikamwambia. "Mimi?"

"Utasema mbele ya Katibu. Usiseme na mimi."

Wakanikaza viwiko kwa nyuma mpaka kifua kikatokeza kama cha jogoo. Wakanipitisha katikati ya soko la Kibondo, asubuhi, watu wanapima maharage. Mwanamke mmoja akaweka chini kisonzo chake cha kupimia, akanitemea mate shavuni.

"Muuaji wa mtoto mchanga," akasema.

Mate yakakauka usoni kwa sababu sikuwa na mkono wa kuyafuta.

Sasa nisikilizeni, ninyi wa kwenye simu. Kila siku nawaona humu mnalia, nimesalitiwa na mpenzi, nimekuta meseji... Mimi nawapa kisa cha mwaka 1976. Sijasahau hata kipande chake na sina mpango wa kusahau. Kuna wajukuu wa watu humu watanuna wakisoma. Nuneni.

Jina langu Tharsisi, mzaliwa wa Gwarama. Shule nilitolewa mapema, nikachunge. Umeme wa magari nilijifundisha mwenyewe, na magari niliyoyaua nikijifunza hayo siwaambii. Silaha yangu ilikuwa balbu moja ya taa ya nyuma niliyoiunga nyaya mbili. Unagusa hapa: ikiwaka, umeme umefika. Isipowaka, rudi nyuma taratibu mpaka uone ulikopotelea.

Basi. Hakuna uchawi.

Na siasa nilijifundisha hivyohivyo. Neno likitoka juu, nalifuata nione linazimikia kwa nani.

Ndiyo maana hawakunipenda. Tulipohamishiwa vijijini, paa la baba yangu liliezuliwa yeye akiwa bado amekaa ndani anakula. Mkutanoni nikasimama nikauliza aliyeezua analala wapi, na paa lake lina nyasi za nani. Nikaambiwa, "Ndugu Tharsisi, kaa chini." Kila mkutano nilikuwa wa kwanza kusimama na wa kwanza kukalishwa.

Aliyekuwa ananikalisha ni Katibu Venanti. Mtu wa suti ya kaunda, kalamu mbili mfukoni, sauti ya chini. Siku zote aogopwe mtu wa sauti ya chini.

Na Bazilio?

Bazilio alikuwa dereva wa Landrova ya wagonjwa. Na alikuwa mnywanyi wangu.

Wasiojua Kiha, ngoja niwaeleze. Mnywanyi si rafiki wa kupiga naye soga. Mnachanjana, mnakunywa pombe ya ndizi kwenye kibuyu kimoja, na tangu siku hiyo mwenzako akishtakiwa, wewe husimami upande wa pili. Hata kama kafanya kweli. Unakaa kimya, lakini upande wa pili huendi.

Siku tuliyonywana, kibuyu kilikuwa na ufa. Kikaanza kuvuja mapajani kwetu.

Bazilio ni mtu wa Heru Juu, baba yake alikuwa na mizinga ya nyuki msitu mzima. Akatoa donge la nta mfukoni. Akaliyeyusha kwenye kigae, akakwangua masizi ya chungu, akachanganya, nta ikawa nyeusi kama kibuyu chenyewe. Akaziba. Akapitisha kidole, laini.

"Umeona, mnywanyi?" akasema. "Mimi nikiziba, hata mwenye kibuyu haoni."

Tulicheka mpaka machozi.

Kishikeni vizuri hicho kibuyu.

Ile Landrova ikaanza ugonjwa. Ukiiwasha asubuhi, inaitika mara moja. Tambarare inakwenda. Ikipanda mlima ikapata moto, inakohoa, inazima. Ikae ipoe, inawaka yenyewe kama haikuwa yeye.

Watu wakasema mlima una wenyewe. Wengine wakasema ni lile gari, lilibeba maiti likarudi bila kutakaswa.

Nikaleta balbu yangu. Nikafuata umeme kutoka betri, swichi, koili, mpaka kwenye distributa, kile kidude kinachogawa moto kwenda kwenye plagi. Na pale nikakuta kifuniko chake, mafundi tunaita kepu, kina ufa. Mwembamba, kama unywele, kutoka katikati mpaka ukingoni. Injini ikipata joto ufa unapanuka, moto unatorokea humo, unaishia kwenye bodi. Plagi hazipati kitu.

Niliichomoa ile kepu nikaenda nayo mkutanoni. Ikapita mkono kwa mkono. Katibu mwenyewe aliutia ukucha ule ufa.

"Hiki hakishonwi wala hakizibwi," nikasema. "Inatakiwa mpya. La sivyo, hili gari litaua mtu kabla mvua hazijaisha."

Katibu akainua macho polepole.

"Ndugu Tharsisi. Unatishia?"

"Naonya."

"Kaa chini."

Lakini mpya iliagizwa. Ikaja kutoka Kigoma ndani ya boksi. Katibu akamkabidhi Bazilio mbele ya watu, tukapiga makofi, na mimi nikaambiwa nisiguse tena gari la umma kwa sababu nina mdomo. Kepu ya zamani Bazilio akaondoka nayo pia. Keshoye akatangaza, "Nimefunga. Sasa linapanda hata mbinguni."

Nilimwamini. Nisingemwamini kwa lipi? Ni mnywanyi wangu.

Kisha Kuruthumu akapatwa na uchungu.

Kuruthumu ni mke wa Abdalah, mwenye duka pale Kibondo, watu wenye ndugu zao Ujiji. Mimba ya kwanza baada ya kungoja sana. Mtoto akakaa vibaya, mkunga akasema huyu apelekwe Kasulu akapasuliwe, tena upesi.

Abdalah hakuwepo. Naye alikuwa na Landrova yake, kuukuu, aina ileile. Alikuwa ameondoka nayo kwenda Kigoma kufuata sukari. Mnakumbuka sukari ya miaka ile ilivyokuwa? Hamkumbuki, hamkuwepo.

Basi Kuruthumu akapakiwa kwenye Landrova ya wagonjwa, Bazilio akashika usukani.

Mlima wa kwanza baada ya mto, likazima.

Bazilio alipiga stata mpaka betri ikaanza kulia kama mbuzi. Mkunga akashuka, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akatafuta wanaume wa kusukuma, mlima mtupu. Mtoto akazaliwa palepale, kwenye benchi la nyuma, mchana, jua likiwaka.

Hakulia.

Walipokaa, gari likapoa. Likawaka. Likampeleka mama Kasulu bila kukohoa tena, na mtoto amefungwa kwenye kanga.

Mama alipona. Mimi nikafungwa kamba.

Katibu aliniweka kwenye baraza la ofisi, nimepiga magoti, soko zima limehamia pale.

"Kepu ni mpya," akasema. "Niliikabidhi kwa mkono wangu. Bazilio, uliifunga?"

"Niliifunga, Ndugu Katibu."

"Na gari limezima."

"Limezima."

"Siku ile kabla ya safari, ulimkuta nani amefungua boneti?"

Bazilio akanyoosha kidole tena, bila kunitazama.

"Tharsisi."

Uongo. Siku ile nilikuwa Kifura, naunga taa za lori la mtu, na yeye anajua, kwa sababu ndiye aliyenipa lifti.

"Bazilio," nikaita. "Tulikunywa kibuyu kimoja."

"Nyamaza, mtuhumiwa," mgambo akanisukuma kisogo.

Katibu akawageukia watu. "Wote mlimsikia mkutanoni. Alisema gari litaua. Limeua. Sasa mnataka ushahidi gani mwingine? Hii ni hujuma."

Hujuma. Siku zile neno hilo lilikuwa linatosha peke yake. Mtu alipakiwa akapelekwa Kigoma, mkewe akaambiwa asubiri, na alisubiri mpaka watoto wakasahau sura ya baba yao. Nina majina. Siyataji leo.

Abdalah alikuwa amesimama kwenye nguzo. Kanzu ile ile aliyomzikia mwanawe, magoti yake yana udongo. Watu walimpisha, wakijua anakuja kunipiga. Hata mimi nilikunja shingo.

Akachuchumaa mbele yangu.

"Fundi. Ulijuaje?"

"Kwa sababu kulikuwa na ufa."

"Wanasema ufa umeondolewa."

"Na mimi nasema mlima haujui kusema uongo. Bwana Abdalah, kama nimelifanyia gari hujuma, hujuma bado imo humohumo, hakuna aliyelifungua tangu lirudi. Lipandishwe. Likizima, nilifungue mbele yako."

"Mtuhumiwa hapangi safari," Katibu akasema.

Abdalah hakugeuka. "Si mnampeleka Kigoma?"

"Ndiyo."

"Njia si ni hiyohiyo ya Kasulu? Mpelekeni kwa gari hilohilo. Mimi nafuata nyuma na langu."

"Bwana Abdalah, una msiba, pumzika..."

"Mtoto alikuwa wa nani, Ndugu Katibu? Wako?"

Bazilio ndiye aliyesema, haraka haraka, "Betri yake imechoka. Afadhali tuazime lori."

Nilicheka. Nimepiga magoti, nimefungwa, nikacheka. Betri iliyochoka ndiyo imewasha gari kwenye mlima baada ya kulia vile? Hapo ndipo nilianza kunusa kitu. Lakini bado sikutaka kuamini, jamani. Moyo ni mpumbavu.

Wakanipakia nyuma. Ili nisiruke, mkono wangu wa kushoto wakaufunga kwenye mkono wa kulia wa mgambo mmoja mnene, kila akipiga chafya na mimi naruka. Tumekaa kwenye benchi lile lile. Juu ya bomba la turubai kulikuwa na kipande cha kanga kimefungwa fundo. Ndicho Kuruthumu alichokuwa amekishikilia. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kukifungua.

Katibu mbele. Bazilio kwenye usukani. Landrova ya Abdalah nyuma yetu, inapiga honi.

Ilikuwa na sababu ya kupiga honi. Bazilio alikuwa anatambaa.

"Mbona unaendesha kama umebeba mayai?" Katibu akauliza.

"Barabara mbaya."

Mtoni akasimama. Akasema rejeta inywe maji. Ikanywa. Akasema akague matairi. Akakagua yote, mpaka la akiba. Akafungua boneti ipigwe na upepo.

"Ndugu Katibu," nikasema kutoka nyuma, "dereva wako anaogopa joto. Muulize kwa nini."

"Wewe nyamaza."

Lakini nilimwona Katibu akimtazama Bazilio kwa pembe ya jicho.

Tukaanza kupanda. Gia ya kwanza, injini inalia, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Kona ya chini, sawa. Kona ya kati, sawa. Bazilio jasho linamtiririka shingoni, na dirisha liko wazi.

Halafu... koh. Koh-koh.

Kimya.

Palepale. Kwenye jiwe lilelile ambalo mkunga alikuwa ameliweka nyuma ya tairi.

Abdalah akashuka kwenye gari lake. Akaja bila kuharakisha.

"Lifungue, fundi."

"Na mkono mmoja?"

"Na mkono mmoja," Katibu akasema. "Mgambo atakwenda unakokwenda."

Basi mwone mtu na mgambo wake wameinama kwenye boneti moja kama mapacha. Nikatoa balbu yangu, ilikuwa kwenye mfuko wa kaptula, hawakuona maana ya kuninyang'anya.

Betri, balbu ikawaka. Koili, ikawaka. Nikamwambia mmoja wa watu waliokuja na Abdalah azungushe stata. Waya mnene wa katikati nikauchomoa, nikausogeza karibu na chuma. Moto ukaruka, wa buluu, unalia tap, tap, tap. Mgambo alikuwa ameegemea palepale.

"Yewe, unaniua!"

"Sijakugusa. Umeme ndio umekusalimia."

Watu wa gari la Abdalah wakacheka kidogo, wakakumbuka, wakanyamaza.

Nikaurudisha ule waya. Nikachomoa waya wa plagi ya kwanza, nikausogeza kwenye chuma. Hakuna. Wa pili, hakuna. Wote, hakuna.

"Umeona?" nikamwambia Abdalah. "Moto unaingia kwenye distributa. Hautoki. Kilichobaki katikati ni kepu tu."

"Ambayo ni mpya," Katibu akasema.

Nikafungua vibanio viwili. Nikainua kepu.

Harufu.

Wadau, mimi nimefungua distributa mpaka nimezeeka. Inanuka mafuta, inanuka moto, inanuka mpira. Ile ilinuka asali.

Ndani kulikuwa na chozi jeusi limetiririka kutoka kwenye ufa, bado la moto, linang'aa. Ufa ule ule. Kutoka katikati mpaka ukingoni. Ndio ule Katibu alioutia ukucha mkutanoni.

Nta.

Nta na masizi.

Nilisimama pale nimeishika, na sikio langu likasikia kicheko cha siku ile. *Mimi nikiziba, hata mwenye kibuyu haoni.*

Kepu ikiwa baridi, nta imeganda, ufa umezibika, gari linaitika. Panda mlima, boneti ikachemka, nta inayeyuka, inachuruzika, ufa unafunguka, moto unatoroka. Poa tena, inaganda tena. Kila kitu kikawa wazi kichwani mwangu, na nilitamani kisingekuwa wazi.

"Bazilio," nikasema. "Njoo unuse."

Hakuja.

"Njoo unuse, mnywanyi wangu."

Katibu akaichukua ile kepu mkononi mwangu. Akaigeuza. Akapitisha ukucha wake kwenye ufa. Nikajua ameitambua. Sasa, mtu mwenye haki angesema nini hapo?

Yeye alisema, "Basi wewe ndiye uliyebadilisha. Ukaiba mpya, ukarudisha ya zamani na nta yako. Nta iko kila nyumba Kibondo."

Mnaona? Hasira yangu ya miaka yote hii haitoki hewani. Mtu akishaamua wewe ni mkosaji, ukweli wenyewe ukiletwa anaufunga kamba na kuupakia nyuma pamoja na wewe.

Nikamgeukia Abdalah. "Kuna njia moja ya mwisho ya fundi. Unachukua kitu kizima kwenye gari zima, unakifunga kwenye bovu. Likiwaka, umepata mgonjwa wako. Gari lako ni aina hii hii. Niazime kepu yako."

"Mtuhumiwa hapewi vifaa..."

Abdalah alikuwa ameshafungua boneti lake. Alikuwa analijua gari lake, alilifungua mwenyewe, vibanio viwili, akachomoa nyaya. Akaja ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai.

Ilikuwa inang'aa.

Gari kuukuu vile, kila kitu kimepauka, kina mafuta, kina vumbi la Ujiji na la Kasulu. Na kepu nyeusi tii, mpya, hata zile namba zake hazijafutika.

Hata mgambo wangu akainama kuitazama.

Nikauliza, na sauti yangu niliitoa taratibu, sijui kwa nini. "Bwana Abdalah... hii umeitoa wapi?"

Wa kwanza kuelewa hakuwa yeye. Alikuwa Katibu. Alimshika bega, akamvuta pembeni, lakini mlimani hakuna pembeni, upepo ulileta kila neno.

"Usijibu. Ukijibu, umepokea mali ya umma. Duka litafungwa, na wewe utakwenda Kigoma. Mtoto harudi. Nyamaza tu. Mkorofi tunaye tayari."

Mkorofi ni mimi.

Maisha yangu yote, wadau, yalikuwa yananing'inia kwenye mdomo wa mtu mmoja ambaye sikumdai neno lolote. Angenyamaza, ningelaumu nini? Mtoto kazika. Akanipoteze na mimi, arudi kuuza sukari yake. Nani angejua?

Abdalah alikuwa anaitazama ile kepu.

"Ulipanda mlima huu bila kukohoa," akasema. Hakuwa anasema na Katibu. Alikuwa anasema na gari lake. "Na magunia. Kwenda na kurudi. Nikasema alhamdulillah, leo gari limekubali."

Kisha akageuka.

"Bazilio. Uliniambia ofisi imeletewa mbili."

Bazilio akakaa chini. Hakuanguka, alikaa, pembeni ya barabara, kama abiria aliyeachwa na gari.

"Uliniambia ni ya ziada, nikakulipa."

"Nilidhani nta itashika," Bazilio akasema. "Haki ya Mungu, Bwana Abdalah. Kwenye kibuyu huwa inashika."

"Kwenye kibuyu," Abdalah akarudia.

"Nilikuwa naenda polepole siku zote. Siku ile mama alikuwa analia, anasema kimbia, kimbia... nikakimbia."

Nilitaka kumrukia. Nilivuta, mgambo akavutika na mimi, tukaishia wote wawili kwenye vumbi. Nikalia pale chini, sina aibu kusema. Si kwa ajili ya kamba. Huyu mtu aliponinyooshea kidole alijua nta iko wapi.

"Mfungueni fundi," Abdalah akasema.

Mgambo akamtazama Katibu. Katibu akatazama barabara.

"Mimi namfungua," mgambo akasema, anafungua fundo kwa meno. "Nimechoka kupigwa umeme kwa kosa la mtu mwingine."

Abdalah hakuniachia kazi ya mwisho. Alitaka kuifanya mwenyewe. Akaichukua ile kepu mpya, akaifunga kwenye Landrova ya wagonjwa, waya mmoja mmoja, ananiuliza kwa macho, huu hapa? Natikisa kichwa, ndiyo. Alipomaliza akaufuta ule mfuniko kwa pindo la kanzu.

Stata ikagusa mara moja. Likawaka.

Nadhani ule ndio mlio mbaya kuliko yote niliyowahi kusikia. Lilikuwa linaunguruma vizuri mno.

"Twendeni Kigoma," Abdalah akasema, akapanda nyuma, akakaa kwenye lile benchi chini ya kile kipande cha kanga. "Wote. Nitasema mwenyewe."

Na alisema. Akafungwa kwa kupokea mali ya wizi, na Bazilio akafungwa kwa kuiba na kwa uongo wake. Mimi niliachiwa, nikarudi Kibondo kwa miguu sehemu kubwa ya njia, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwamba mtu aliyeachiwa naye anahitaji lifti.

Katibu Venanti? Alihamishwa. Akapewa cheo kikubwa zaidi. Nyie mlitegemea nini?

Lakini mwisho wa kisa si huo.

Kabla Abdalah hajafungwa, waliruhusu amwone mkewe pale Kasulu, alikokuwa bado amelazwa. Nilikuwepo mlangoni, alinitaka niwe shahidi kwamba hakumficha kitu. Akamweleza yote. Kepu, nta, sukari. Kuruthumu alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia, hakumtukana. Aliuliza kitu kimoja.

"Alipokuletea, ulimuuliza imetoka wapi?"

"Sikuuliza."

"Kwa nini?"

Abdalah akaanza kuvuta pindo la kanzu.

"Kwa sababu ulijua," Kuruthumu akasema, akageukia ukutani.

Alipopona alirudi akafungua duka mwenyewe. Mumewe alipotoka alimpokea, wakazaa wengine wawili, wazima, wanaishi. Lakini tangu siku ile, mtu akileta kitu cha rahisi pale dukani, bati, mafuta, blanketi za wakimbizi, taa ya gari, yule mama alikuwa anaweka mikono yote miwili juu ya meza na kuuliza, "Imetoka wapi?" Ukikwama kujibu, unaondoka na mzigo wako. Watoto wa Kibondo wakambandika jina hilo, Bi Imetoka Wapi. Walidhani ni utani. Yeye aliitika.

Bazilio alirudi Heru Juu, akafa huko mzee. Kabla ya kufa alimtuma mtu aniletee kile kibuyu chetu. Ninacho, kimening'inia hapa ninapoandikia. Hakijavuja hata tone. Mazishini kwake sikwenda, na msinifundishe kusamehe, mimi si mtoto.

Sasa ninyi.

Nawaona humu kila siku. "Betri ya sola ipo, bei ya kutupa." Betri ya zahanati gani hiyo? "Nyaya za shaba, kilo nyingi, njoo inboksi." Umekata nguzo ya nani? "Saiti mira za pikipiki, jozi, zimetumika kidogo." Na chini yake watu mia wanaandika, nipo, nihifadhie, namba tafadhali. Halafu mgonjwa akifia njiani mnaandika poleni na kuweka mishumaa.

Mwizi mmoja hakumuua yule mtoto. Mwizi alihitaji mnunuzi mwema, mtu wa swala tano, anayempenda mkewe, ambaye alilinyamazia swali moja dogo kwa sababu bei ilikuwa nzuri.

Hiyo simu mpya uliyoshika, unayosomea kisa hiki...

Imetoka wapi?